Dereva Anayeuliza Daraja

Dereva teksi wa mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu, hawashi tena ramani yoyote. Skrini iliyokuja na gari kutoka Japani humwonyesha akielea baharini huko huko, ndiyo maana zamani aliiamini simu. Sasa simu anaizima. Kila njia panda anasimama, anashusha kioo, anasalimia kwanza, kisha anauliza taratibu, "Mama, daraja bado lipo?" Masika iliyopita, akikimbilia hospitali, simu ilimpa njia ya mkato, akaifuata hadi mtoni akakuta daraja limezolewa na maji. Leo abiria aliyeketi mbele amechoka na maswali yake. "Kaka, si umezaliwa huku huku Ikuti?" Dereva akakitazama kiti cha nyuma, kitupu. "Nimezaliwa huku. Hata marehemu mke wangu, akiwa amelala hapo nyuma siku ile ya daraja, aliniambia niulize."