Mtihani wa Mkulima wa Chai

Hadi leo nikipita karibu na kile chuo mjini Kisii, roho hunichafuka. Ulikuwa mtihani wetu wa mwisho wa vitendo, Ijumaa alasiri. Ukianguka unarudia mwaka mzima, na kule nyumbani Nyacheki mama alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisa kwamba namaliza.

Tuliambiwa tuandike programu ya kusajili wakulima. Nikaandika klasi ya mkulima, yaani kiolezo chenye jina lake na shamba lake, kisha chini yake klasi ya mkulima wa chai na ya mkulima wa ndizi, zinazorithi kila kitu cha ile ya kwanza. Kazi safi, mistari michache. Kompaila, ile programu inayokagua ulichoandika kabla mashine haijakiendesha, ikakataa. Eti mkulima wa chai hana jina. Hana vipi, na amerithi? Nikasoma upya mara tatu. Kosa sikuliona.

Nikamwita mwalimu. Akatazama yale maandishi mekundu, akacheka. "Mashine haidanganyi, dada. Ni wewe."

Nikamsihi anirudishie simu yangu aliyoichukua mlangoni, nikaichapa programu ileile mbele yake kwenye kompaila ya simu, toleo jipya. Ikakubali papo hapo. Unajua alifanya nini? Aligeuza uso!

"Simu si mtihani. Na jua likitua nafunga, Sabato inaingia."

Mimi pia ni Msabato. Nikarudi kwenye kiti changu.

Jua lilikuwa linakaribia kutua. Basi nikaiharibu kazi yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifuta urithi wote, nikanakili kila mstari wa mkulima ndani ya mkulima wa chai, tena ndani ya mkulima wa ndizi. Takataka tupu: ukibadilisha kitu kimoja, ubadilishe kila mahali! Kompaila ikapitisha. Mwalimu akanipa alama zote, akanipiga begani: "Umeona? Sasa umeelewa."

Nami, mjinga, nikasema asante. Aka! Najichukia kwa asante ile.

Baadaye nilisoma kwamba waliotengeneza kompaila ile walishakiri kosa lake na kulirekebisha kabla hata sijaingia chuoni. Maabara yetu haikujisumbua kuweka toleo jipya.

Mwaka jana binti wa jirani, anayesoma palepale, alinionyesha karatasi ya mfano wanayokaririshwa. Ilikuwa takataka yangu, mstari kwa mstari. Akaniuliza kama kweli hivi ndivyo programu zinavyoandikwa kazini. Nilimuuliza mtihani wao ni lini. Akasema ni Ijumaa.

Nikamwambia aikariri.