Nilitaja Titi Mbele ya Baba Mkwe

Huku Tabaka wanaume huchonga mawe na wanawake huyasugua. Nilikuta kazi imegawanywa hivyo nilipoolewa kutoka kwenye majani chai ya Nyamira, na hakuna aliyeniuliza. Unakaa na beseni la maji, unachukua sahani au kiboko aliyechongwa na mume wako, unasugua kwa msasa mpaka jiwe liteleze. Ukizoea, vidole vinajua jiwe kuliko macho. Penye mkanda mgumu ndani ya jiwe laini, vidole huwahi kabla ya msasa.

Kwa hiyo asubuhi niliyogusa titi langu la kushoto nikioga, sikuhitaji mtu anifafanulie. Pale palikuwa na mkanda.

Nilikwenda hospitali, Kisii mjini. Walinichoma sindano, wakatoa kipande kidogo cha nyama, na majibu yalipokuja yalikuwa saratani. Daktari alikuwa msichana wa kuweza kuwa binti yangu, na nilimpenda kwa sababu hakunitazama kama maiti. Nilimweleza habari ya mkanda kwenye jiwe.

"Mama, huo ugumu si seli za saratani peke yake," akasema. "Seli zote mwilini zimezungukwa na nyuzi na molekuli nyingine zinazozishikilia mahali pake. Saratani inazigeuza zile za jirani. Nyuzi zinakazana, zinajipanga, zinakuwa njia ya kutokea. Molekuli nyingine zinayeyusha ukuta. Nyingine zinaita mishipa ya damu."

"Kwa hiyo haisafiri peke yake?"

"Inasaidiwa. Na ikishafika kwenye mapafu au mifupa, kuizuia ni vigumu sana. Nataka tuitoe sasa, pamoja na nyama iliyo kandokando yake."

Nilitoka pale nimekasirika, sikuwa hata na nafasi ya kulia. Mwili huu niliolisha watoto nao, ndio unaomlimia adui barabara! Hasira hiyo ilinifikisha nyumbani, na nyumbani nikakuta kazi nyingine.

Wifi yangu, dada ya mume wangu, alirudi kwao baada ya kufiwa na mumewe, na beseni lake liko karibu na langu kila siku. Nilipomwambia habari ya upasuaji alishika kichwa. "Usikubali! Hiyo kitu ikiguswa na kisu inaamka. Hukuona yule mama wa kule chini? Walimkata, hata mwaka hakumaliza." Yule mama alikuwa amekaa na uvimbe wake mpaka ukapasuka ndipo akapelekwa, lakini lawama ikabebwa na kisu.

Basi kikao kikaitwa Jumapili, uani kwa baba mkwe, maana neno la mwisho ni lake. Na hapa lazima nieleze kitu tunachokiita chinsoni, heshima ya mtu na mkwe wake. Baba mkwe haingii nyumbani kwangu. Hatushikani mikono. Kiungo cha mwili wangu hakitajwi akiwa anasikia. Nimeiheshimu desturi hiyo miaka yote, na siidharau. Lakini siku ile watu wazima walikaa wakijadili "ule ugonjwa" na "mahali pale", na mzee akaombwa aamue juu ya kitu ambacho hakuna aliyethubutu kumtajia. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee akasafisha koo. "Kama ni kitu ya mwili, kisu ingoje. Tuombe. Mahindi yakishatoka shambani tutaangalia tena."

Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yamefika magotini. Nikasimama, nikamwita mzee kwa jina la baba kwa lugha yetu.

"Tata, nina saratani ya titi. Titi hili la kushoto."

Wifi alijifunika uso kwa leso. Mzee aligeukia migomba. Nikaendelea, kwa kuwa maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

"Mnasema kisu kitaisambaza. Inasambazwa na vinavyoizunguka, na sisi tunavipa muda. Wakati tunatafuta maneno ya adabu, vyenyewe vinalima barabara. Jumanne naenda kukatwa. Nisiporudi, mtanizika kwa heshima zote mnazotaka."

Mzee akachukua fimbo yake, akaingia migombani.

"Umeua mzee na aibu," wifi akanong'ona.

"Aibu haijawahi kuzika mtu," nikamjibu. "Saratani inazika."

Jumanne mume wangu alinibebea mfuko mpaka hospitalini, nampa haki yake. Muuguzi alipomgeukia yeye na fomu ya kukubali upasuaji na kalamu, nilinyoosha mkono nikaichukua. Titi lilikuwa langu, nikatia sahihi mimi. Baadaye nilipumzika kwa dada yangu pale Nyanchwa, nikisikia kwaya ya kanisani ikifanya mazoezi, kidonda kikiniwasha, nikimtukana kila aliyeniambia pole kwa sauti ya matanga.

Majibu hayakuwa mazuri yote. Tezi moja ya kwapani ilikuwa imeshafikiwa. Daktari alisema tumeikuta ikiwa njiani, dawa zitaifuata. Nywele zilinyonyoka, chakula kikawa na ladha ya misumari, na bado nilirudi Tabaka kwenye beseni langu nikiwa na upande mmoja bapa. Sikuujaza na matambara. Anayetaka kutazama atazame.

Mzee hakuwa amenisemesha tangu kikao. Asubuhi moja tukiwa tunasugua, alitokea akasimama kwenye migomba inayotenga boma lake na langu. Pale ndipo huishia.

"Mkamwana!"

"Ee, Tata."

"Hiyo titi, walitoa yote?"

Misasa yote ilinyamaza. Hata kwa majirani.

"Walitoa yote, Tata. Na nyama ya kando."

"Na ile barabara?"

"Ilikuwa imefika kwapani. Naendelea na dawa."

Akatikisa kichwa polepole, akiwa bado anatazama chini. Nilidhani amemaliza. Kisha akamgeukia wifi yangu, binti yake wa kumzaa, ambaye naye hapaswi kuambiwa maneno kama hayo na babake.

"Na wewe, yako umeshika ukaangalia?"

Wifi aliacha sahani izame ndani ya beseni, akanitazama, na mkono wake ukaanza kupanda kifuani kisha ukaogopa njiani. Nikasimama nikajifuta maji, nikamfungulia mlango wa nyumba yangu.