Mama wa Ngoma Tatu za Gesima

Nilipohamishiwa shule moja ya msingi huko Gesima sikumjua mtu. Kwetu ni Tabaka, ambako tangu asubuhi unasikia watu wakichonga mawe, na kimya cha mashamba ya chai kilinishinda. Walimu wenzangu walikuwa wenyeji. Masomo yakiisha kila mmoja alielekea kwake. Mimi nilifungua chumba changu cha kupanga, nikawasha jiko la mafuta, nikapika chakula cha mtu mmoja.

Jumapili ya tatu nilienda Misa nikaketi nyuma ya nguzo. Nilisikia ngoma tatu zikijibizana, nikaamini zina wapigaji watatu. Wakati wa matoleo nilipopita mbele nikaona mama mmoja tu, mzee mwembamba aliyefunga kitambaa cha buluu, amesimama mbele ya kiunzi cha mbao kilichoziinamisha ngoma zote tatu kumwelekea. Mikono yake miwili ilifanya kazi ya sita.

Baada ya Misa nilimngoja mlangoni. Nilimwita Magokoro, yaani bibi kwa lugha yetu, kama tunavyowaita wazee wetu wa kike, nikamwomba anifundishe. Alinitazama viatu, kisha akaniambia nije Jumatano.

Ndipo nikajua habari yake. Zamani walikuwa watatu kweli. Mumewe alipiga ngoma kubwa, shemeji yake ya kati, naye ile ndogo, akiwa ameketi upande upande, kwa kuwa haikuwa heshima mwanamke kubana ngoma kati ya magoti. Shemeji alienda kutafuta kazi mbali na hakurudi. Mume akafa. Kiongozi wa kwaya akasema basi, wataimba bila ngoma. Magokoro hakubisha. Alipima urefu wa mikono yake kwa kamba, akashuka hadi Ikonge kwa seremala, akamwomba amtengenezee kiunzi cha mkaratusi. Seremala alimuuliza kama ni kichanja cha vyombo.

"Wawili waliondoka," aliniambia, "lakini wimbo haukupungua sehemu zake."

Nilijifunza kwake miaka saba. Hakuwa mtu wa maneno. Nikikosea, aliushika mkono wangu wa kushoto akaupiga polepole juu ya ngozi ya ngoma mpaka unyooke. Tukimaliza tulikunywa chai, tukatazama mvua. Watoto wake walikuwa Nairobi, na nadhani hakuna siku nyingine katika juma ambayo yeyote kati yetu alikunywa chai na mtu. Kwaya za vigango vingine vya parokia zilikuja, zikaona, zikaenda kutengeneza viunzi vyao. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyevianzisha.

Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia. Nikapiga mimi, yeye akiketi benchi la mbele.

Parokia ilipojiandaa kwa jubilei, niliona orodha ya watakaoshukuriwa. Hakuwamo. Nilienda kwa mwenyekiti wa kamati, naye akanieleza kwa upole kwamba orodha ni ya waliojenga kanisa. Nikamwambia huyu mama alilijenga kila Jumapili. Alifikiri kidogo, akaliandika jina lake mwisho kabisa.

Siku ya jubilei ilikuwa na wageni wengi na hotuba ndefu. Wingu lilipoanza kushuka, msomaji wa orodha akasema muda umekwisha, waliobaki watusamehe. Akaikunja karatasi. Nilitaka kusimama niseme kitu, lakini nikabaki nimeketi. Bado naijutia dakika ile. Magokoro alinigusa bega.

"Twende. Mvua inakuja."

Tulipokuwa tunatoka, kwaya ngeni ilikuwa inafungasha vitu vyake chini ya hema. Mpigaji wao, msichana wa miaka kama ishirini, alikuwa anafungua kiunzi kama chetu. Nikamshika Magokoro mkono nikampeleka hadi pale, nikamwambia yule msichana, "Huyu ndiye aliyebuni kiunzi cha kwanza."

Msichana aliweka chini spana. Alimsalimia kwa mikono miwili, akainama. Kisha akamuuliza jinsi ya kutoka ngoma kubwa kwenda ndogo bila kuchelewa, maana pale hushindwa kila mara. Magokoro alimwonyesha kwa mkono wake mzima, akipiga juu ya paja lake, mara nyingi, mpaka hema likaanza kuvuja. Njiani nilimsikia akihesabu mapigo.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa masika. Nilimpigia ngoma kaburini, watu wakiwa wachache.

Sasa nafundisha mjini Kisii. Kanisa ninamosali lina kinanda cha umeme ambacho ukibonyeza kitufe kinatoa mlio wa ngoma chenyewe, na hawahitaji mpigaji. Jumatano nikitoka kazini napiga juu ya meza ya chakula, kwa vidole tu, nisimsumbue jirani. Sehemu zote tatu bado nazikumbuka. Sijapata mtu wa kumfundisha.