Mkebe wa Mjomba wa Kupimia Sensa

"Sensa ya oksijeni haiwezi kunidanganya mimi. Nikiichomeka hapa, itasema yenyewe."

Hayo aliyatamka mjomba wangu mbele ya gereji nzima, ameshika hicho kifaa kinachonusa oksijeni kwenye moshi wa gari, akimwangalia mama mwenye chuo cha udereva aliyeleta gari linalobugia mafuta kama limetumwa. Likipona, mama alisema, magari yote ya chuo yatahamia hapa. Kazi hiyo mjomba aliitamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Fundi mwenye haraka zake huipasha sensa kwa tochi ya gesi na kusoma mita: kwenye mwali, ambako oksijeni imeisha, volti zinapanda; ukiitoa hewani, zinashuka. Kazi imekwisha. Diploma yangu ya ufundi magari niliiacha njiani, na hata mimi nalijua hilo. Lakini mjomba hapendi kitu chepesi. Alichukua mkebe wa maziwa ya unga, akautia mpira wa gesi ya kupikia na mwingine wa hewa ya kompresa, kisha akaziba matundu kwa silikoni, nyingi kama anapamba keki. Alipoupasha moto kwa tochi kutoka nje, mkewe alihamia ng'ambo ya barabara.

Sensa ya mama ilipochomekwa humo, volti zilipanda, zikashuka, zikalala. Mjomba akatangaza kifo. Alinunua mpya, akasema nayo lazima ifaulu mtihani kwanza. Nayo ikalala. Nilimsihi aifunge nyingine kwenye gari moja kwa moja. Akaniuliza tangu lini mtoro wa chuo akawa msimamizi wa mitihani.

Mama alipofuata gari lake, aliinamia mkebe akakunja pua.

"Fundi, mbona mtambo wako unanuka siki?"

"Silikoni tu hiyo, mama."

Niliokota tyubu yake chini ya benchi. Imeandikwa waziwazi: isitumike karibu na sensa ya oksijeni, mvuke wake huiharibu. Nilisoma kwa sauti, maana kunong'ona kungekuwa dhambi. Mjomba akalalamika kwamba maandishi ni madogo.

"Kwa hiyo umeniulia sensa iliyokuwa nzima," mama alisema, "na kinachokula mafuta hujakitafuta."

Mjomba aliigonga mita kwa kidole, labda itasema yenyewe.

Magari ya chuo yalikwenda kwa fundi jirani, asiye na mkebe. Nanyi mnadhani mjomba aliutupa wake? Kesho yake alinituma dukani kuulizia silikoni isiyoua sensa. Ipo. Tyubu moja ni elfu kumi na mbili.