Ukurasa Uliokabidhiwa Kila Kitu

Mtaalamu alikuja Kihanga kutoka Bukoba na kompyuta moja, miwani na dharau. Chama chetu cha kahawa kilitaka mkulima aone kilo zake kwenye skrini. Mimi, kidato cha nne na mtoto mgongoni, nikachukuliwa kwa majaribio. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni, na kazi ya mezani Karagwe haikuokotwa njiani. Niliitaka kwa meno.

Mfumo wake ulikuwa na sehemu tatu. Modeli ilitunza data za mkulima. Ukurasa ulizionyesha. Katikati kulikuwa na kidhibiti, cha kuchota kwenye modeli na kuukabidhi ukurasa. Ukurasa haujichotei, unaonyesha ulichopewa. Nilielewa upesi, maana ndivyo ninavyoishi na baba mkwe. Nyumbani kwao mke wa mwana hamsemeshi mkwe uso kwa uso wala hampi chakula mkononi. Mimi napika, wifi anabeba, mzee anakula.

Shida ni kwamba modeli ilitunza pia maoni ya karani juu ya kila mkulima, na karani wetu alikuwa na ulimi mchafu.

"Tukabidhi jina na kilo tu," nikasema.

"Dada, unanifundisha kazi? Nakabidhi modeli nzima, ukurasa utoe kila kilichomo. Mistari miwili, tumemaliza."

"Na maoni?"

"Nani atasoma maoni?"

Siku ya maonyesho, mkulima wa kwanza kuitwa alikuwa baba mkwe wangu, kaja kutoka Nyabiyonza na koti lake la kanisani. Mwenyekiti wa chama alisoma skrini kwa sauti ili wote wasikie. Akasoma jina, akasoma kilo, akaendelea hivyo hivyo: "Mbishi. Kahawa yake ina mawe. Akinywa rubisi asipewe kiti."

Watu wakaangua kicheko. Mtaalamu akafuta miwani, akaninyooshea kidole.

"Huyu dada ndiye anayekaa kwenye kompyuta."

"Binti," mwenyekiti akasema, "kusanya vitu vyako."

Nikawaka moto. Ila wa kuambiwa kwanza alikuwa mzee, na kwake mdomo wangu umefungwa. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikamwelekeza kwa babu yake, mimi nikageukia ukuta.

"Mwanangu, mwambie babu maneno yale kaandika karani. Na huyu mwenye miwani ndiye aliyeukabidhi ukurasa kila kitu. Mama yako alimkataza!"

Mtoto akatoa udenda.

Mzee akamwinamia. "Mjukuu wangu, muulize mama yako, anaweza kuyaondoa?"

"Mwambie babu asubiri kidogo."

Nikamnyanyua mtaalamu kwenye kiti kwa macho tu. Kwenye kidhibiti nikafuta mstari wa kukabidhi modeli nzima, nikaweka jina, nikaweka kilo. Nikafungua ukurasa upya. Jina. Kilo. Basi.

Mzee akautazama mpaka akaridhika.

"Waitu, mjukuu wangu, mwambie mwenyekiti: mama yako akiondoka, na kahawa yangu inaondoka."

Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale, pua na pua na mzee. Naye akamgeukia mtoto.

"Mwambie babu yako, mama yako ameshaajiriwa."