Chakula cha Mgonjwa Nilikila Mimi

Mfuko wa mkate ukivaliwa mwilini kwa nusu siku huwa na harufu yake, na harufu hiyo si ya mkate. Ni harufu ya nailoni iliyopashwa joto na ngozi, juu yake manukato ya sabuni ya kipande, na chini yake kitu ambacho sabuni haikuwahi kukishinda. Nyumba yetu ya Sindo ilikuwa hatua chache kutoka ufukoni, mahali omena, wale dagaa wa ziwani, huanikwa juu ya nyavu kuukuu, kwa hiyo tulizoea kunukiwa. Omena ikikauka hunuka, lakini hunuka riziki, na hakuna mtu wa ziwani anayeilalamikia. Hii nyingine ilikuwa harufu ya mama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na niliichukia kwa moyo wangu wote.

Acha nieleze polepole, maana wengi hawajawahi kuliona jambo hili, na waliowahi kuliona hawalisemi. Mama alinizaa akiwa na miaka arobaini na mitano, ndugu zangu wakiwa tayari wametawanyika na kuwa na miji yao. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili, yeye na mimi kitinda mimba wake. Mwaka huo, mvua za masika zilipoanza, tumbo lake lilivimba likawa gumu kama ngoma, akakimbizwa hospitalini Homa Bay. Utumbo ulikuwa umejisokota kama nguo inayokamuliwa, na kipande chake kimeoza. Daktari alikikata kipande hicho, ila hakuunganisha ncha zilizobaki siku ile ile. Alitoa ncha moja nje kupitia tobo kando ya kitovu, ili choo kitokee hapo mpaka ndani papone. Juu ya tobo huvaliwa mfuko. Hospitali ilitupa mifuko michache iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ilipokwisha, muuguzi akatuonyesha jinsi ya kufunga mfuko wa mkate kwa ukanda wa kitambaa kiunoni. Daktari alimaliza kwa maneno ambayo ndugu zangu walinirudishia mara nyingi: "Akinenepa, mleteni nimfunge hilo tobo. Akiwa hivi alivyo, sitamgusa. Mwili mnyonge hauhimili kisu mara mbili."

Basi kazi ilikuwa moja tu, Mama ale anenepe. Ndugu zangu walituma walichoweza, majirani wakatukusanyia mifuko ya mkate, na Mzee Swaleh, mtu wa Pwani aliyekuwa na duka karibu na stendi, akawa ananiwekea mingine chini ya kaunta. "Mwambie mama nampa pole," alisema kila mara, bila kuuliza mifuko ni ya nini. Shuleni wenzangu waliiona kwenye mkoba wangu wakanicheka: "Kwa kina Achieng' siku hizi ni mkate asubuhi, mkate jioni! Wamekuwa wazungu!" Nami nikaukubali uzungu huo, maana ukweli wake ulinitia kinyaa kuliko uongo.

Kuhusu kinyaa chenyewe sitapaka asali. Ile ncha ya utumbo ilichungulia nje, nyekundu, yenye unyevu kama ndani ya mdomo, na wakati mwingine ilijikunja yenyewe kama mnyoo anayeamka. Pembeni yake ngozi ilikuwa imechubuka kwa sababu choo cha tumboni huunguza. Mama aliufunga na kuufungua mfuko mwenyewe, ila kuinama kulimshinda, kwa hiyo mimi ndiye niliyepewa mfuko uliojaa, ukiwa umefungwa kwenye gazeti, niupeleke chooni nyuma ya nyumba. Ulikuwa wa vuguvugu. Hilo ndilo lililonishinda zaidi, ule uvuguvugu mkononi. Niliubeba mkono ukiwa umenyooka mbele, mkono wa pili umebana pua, nikitembea upande kama kaa. Siku moja gazeti lilichanika nikatapika pale pale kizingitini. Mama, aliyekuwa amelala na mshono wa shibiri nzima tumboni, alinyanyua kichwa akasema, "Pole, mwanangu. Nisamehe." Mgonjwa ndiye aliyeomba msamaha. Sikuliona kosa hilo lilipoingia ndani ya nyumba.

Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, wala haondoki kabla hajamwona akitia kitu kinywani. Walikuja na maini, mayai ya kuku wa kienyeji, maziwa mabichi yenye malai, na supu ya ngege, samaki ambaye wengine humwita perege, iliyochemshwa hadi macho ya samaki yakawa meupe. Mama alikunywa vijiko viwili mbele yao, akapangusa midomo, akashukuru. Wageni wakishapiga kona, aliniita. "Achieng', nisaidie kumaliza. Chakula kikilala kitaharibika." Nilimsaidia. Jamani, nilimsaidia! Sikumbuki kama maishani mwangu nimewahi kula vizuri kama msimu ule: ini laini lenye chumvi ya kutosha, mayai mawili kwa mpigo, mafuta ya samaki yakinitiririka hadi kwenye kiwiko. Na mfuko nao ukawa mwepesi. Siku nyingine ulitoka na kijiko kimoja tu cha uchafu, nami nikafurahi, nikadhani ndiyo dalili ya kupona. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilikuwa kimeacha kujaa. Nilijua kuhesabu hadi maelfu, lakini hesabu hiyo ilinipita.

Ndipo alipofika Waya Pilista. Waya ni shangazi, dada ya baba, na huyu aliishi Isebania, mpakani na Tanzania, akiuza maharagwe kwa magunia, mahali ambapo asiye na sauti hanunui wala hauzi. Aliingia, akaweka mzigo chini, akamtazama Mama ambaye mifupa ya shingo ilikuwa imechora mashimo, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika sahani.

"Nyar Rusinga," akasema, maana kwetu mke huitwa kwa mahali alikozaliwa, "hapa kwako kuna maajabu. Mgonjwa anakonda, muuguzi ananenepa! Hebu tazama hayo mashavu, kama askari wa mpakani."

Mama hakucheka. "Sina hamu ya kula, wifi."

"Hamu huna, au kuna kingine?"

Mama aliuchezea upindo wa shuka. "Nikila, mfuko unajaa," akasema. "Ukijaa, mtoto ndiye anayebeba. Hujaona anavyotapika."

Yai lilikuwa mdomoni mwangu. Halikwenda chini wala halikurudi. Lilikaa pale kwenye ulimi, laini, la vuguvugu, na kwa mara ya kwanza kilichonitia kinyaa nyumbani mle hakikuwa cha Mama. Nilikimbia nje nikalitema penye migomba, nikabaki nimeinama, nikitaka kutema pia maini ya juzi na supu ya juma lililopita. Mama yangu alikuwa anajinyima chakula ili mimi nisikunje uso, na chakula alichojinyima nilikuwa nakila mimi.

Waya alinifuata. Hakunikumbatia. "Umemaliza kulia? Haya. Unaona kinyaa?"

"Hapana, Waya."

"Mwongo! Mimi naona, na nimekaa dakika kumi tu. Sikia, nyathina." Hilo ni neno la Kijaluo, maana yake mwanangu. "Kinyaa si dhambi. Kibaya ni kumfanya mwenye kidonda akuhurumie wewe. Sasa nawa mikono, nikufundishe."

Alinifundisha mambo ambayo leo ningemfundisha yeyote anayeuguza mzazi. Pumua kwa mdomo kabla hujainama, si baada ya harufu kukupiga. Paka mafuta mazito kwenye ngozi iliyochubuka kabla ya kufunga mfuko mpya. Usingoje mfuko ujae. Na zungumza, kwa sababu ukinyamaza mgonjwa ataisikiliza pua yako. Nilipokosa la kuzungumza, Waya alinipa. Aliubatiza mfuko Mheshimiwa, kwa sababu, alisema, anakula jasho la wengine na kazi yake ni kunuka. Jioni hiyo niliufungua mimi, nikatangaza, "Mheshimiwa ameshiba, anaomba kusindikizwa." Mama aliushika mshono kwa mikono miwili ili kicheko kisimpasue. "Mheshimiwa gani huyu," akajibu, "hata kampeni hajafanya!"

Sidai kwamba kinyaa kiliisha. Hakikuisha hata siku moja. Lakini Mama alianza kula. Waya aliweka sheria kwamba sitagusa sahani mpaka Mama aishushe yake, na kwamba tumbo lililokatwa halishindiliwi kama gunia: kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Uji wa wimbi, ndizi mbivu iliyopondwa, ugali laini kwa supu ya samaki. Maharagwe, hata yale aliyokuja nayo Waya mwenyewe, yalipigwa marufuku, kwa kuwa upepo wake uliuvimbisha mfuko hadi ukachomoka katikati ya maombi ya akina mama wa kanisa, na maombi yakawa mafupi sana. Majuma yakapita. Kisha asubuhi moja nilikuwa nakaanga omena kwa nyanya, kwa ajili yangu mwenyewe, nikasikia sauti kutoka chumbani, yenye ukali kidogo: "Hiyo omena ni ya nani?" Nilisimama na mwiko mkononi nikatabasamu peke yangu. Hakuna aliyekuwa amemwomba ale. Mavuno yalipokaribia, daktari wa Homa Bay alimpima, akamfinya mkono, akakubali, akalifunga tobo.

Sasa ninaishi Migori, nafundisha shule. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, na kwenye maduka ya dawa ya mjini kuna mifuko ya kazi hiyo, yenye gundi, isiyovuja kirahisi kama yetu. Hilo ni jema, nami simtakii mtu mifuko ya mkate. Ila nikienda wodini kuwaona wagonjwa huona nyuso zile zile, midomo inatabasamu na pua zimefungwa, na mgonjwa anasukuma sahani pembeni akisema hana hamu. Tumepata mifuko mizuri kabla hatujapata maneno. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka zaidi ya ishirini. Likizo iliyopita nilikuwa Sindo, Mama akiwa karibu kutimiza themanini, tunakula ngege kwenye sahani moja, nikamwambia kwamba miezi yote ile, hata nilipokuwa nikitania, nilikuwa naona kinyaa.

"Nilijua," akasema, akichomoa mwiba kati ya meno. "Hata mimi nilikuwa naona kinyaa. Kwani wewe ulidhani uko peke yako?"

Kisha akaniuliza kama kile kichwa cha samaki nilikuwa nakila au nakiangalia tu, na kabla sijajibu akakichukua.