Elbridge Tuttle na Theluji ya Darajani

Elbridge Tuttle alikuwa na kazi moja tu duniani, nayo ilimshinda. Kila majira ya baridi alitakiwa kuchota theluji kwa koleo na kuitandaza ndani ya madaraja mawili ya kijito chetu. Madaraja yenyewe yana paa na kuta za mbao, kwa hiyo sakafu hubaki kavu. Sleji, gari la farasi lisilo na magurudumu, inayokuja ikiteleza vizuri juu ya theluji barabarani, ikifika pale inakwama, na farasi wanavuta mpaka macho yanawatoka. Ndiyo maana kijiji kiliweka mtu. Bahati mbaya mtu mwenyewe alikuwa Elbridge.

Marehemu mume wangu aliniachia kinu cha kusaga ngano, na Daraja la Chini liko mlangoni pangu. Miaka kumi na moja nimelitandazia theluji mwenyewe. Ningemsubiri Elbridge, wateja wangu wangesaga kwa meno. Yeye alikuwa akipita asubuhi na kiko mdomoni, anasimama, ananielekeza.

"Pale kona umeacha kipara, Bi. Mercy."

"Kipara kiko ndani ya kichwa chako. Shika koleo!"

"Mgongo, dada yangu. Ungejua mgongo huu unavyonitesa!"

Mgongo! Mgongo huohuo ulicheza dansi kwenye ghala la Hosea Whitcomb tangu mchana, mpaka nyuzi za fidla zikakatika.

Daraja la Juu halikuwa na jirani wa kumfanyia kazi yake. Hapo bwana mkubwa akabuni njia. Aling'oa mbao nane za ukuta, upande wa upepo, ili upepo uingize theluji wenyewe. Kisha akazunguka dukani akijipiga kifua.

"Nyie mnatumia mikono, mimi natumia akili! Daraja linajitandazia theluji lenyewe!"

Wanaume wakacheka, wakamnunulia pombe ya tufaha. Mijitu mizima na ndevu zao. Babu zetu hawakuziweka kuta zile kwa urembo; waliziweka ili mvua isifike kwenye maboriti.

"Elbridge, rudisha mbao za watu," nilimwambia. "Litaoza daraja lile."

"Umekuwa seremala lini, Bi. Mercy? Theluji ikiyeyuka nitarudisha."

Theluji iliyeyuka mara sita. Mbao alikuwa ameshazichoma jikoni kwake.

Mwaka wa saba Hosea alichomeka kisu kwenye boriti la Daraja la Juu, kikazama mpaka mpini. Suala likaenda kwenye mkutano wa kijiji wa mwezi Machi, ambako pia huchaguliwa mtunza madaraja. Sisi wanawake hatukuwa na kura. Tulikuwa na maharage ya kupakua. Nikasimama mlangoni na mwiko wangu. Elbridge alikuja amevaa kola, amechana nywele kwa maji. Bila cheo kile hakuwa mtu, na hilo hata yeye alilijua.

Hosea, mwenyekiti wetu, akauliza, "Jamani, nani anataka daraja jipya huko juu, linalopokea theluji lenyewe, bila koleo la mtu?"

Elbridge alidhani anasifiwa. Aliinua mkono kabla ya wote, akasimama kabisa. "Mimi! Si nimewaambia miaka yote?"

Mikono yote ikafuata.

"Imepita," akasema Hosea. "Tutajenga la chuma, halina paa wala kuta. Sasa, Daraja la Chini nani alitunze?"

"Anayelitunza siku zote!" nikasema toka mlangoni. Hakuna aliyeninyamazisha, maana chakula kilikuwa mkononi mwangu, na cheo kikaja kwangu.

Elbridge alikuwa bado ameinua mkono. Sikumhurumia. Nilimpakulia maharage ya chini kabisa ya sufuria, yaliyoungua.

Baridi iliyofuata, theluji ya kwanza ilipoanguka, alifika darajani kwangu na koleo, mapema, mara ya kwanza katika maisha yake. Nilikuwa nimeshamaliza. Akaitazama sakafu, nyeupe mwanzo hadi mwisho.

"Pale kona umeacha kipara," akasema, kwa sauti ndogo.

Hakukuwa na kipara, na yeye aliona. Nikamwambia asogee, anazuia farasi.